Kutu na Mabati ya Maghala Yetu

(Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimia miaka kumi ya Chama Kikuu cha Ushirika)



Nimepewa heshima ya kusema mbele yenu katika siku ambayo kila mmoja wetu ana la kushukuru. Wasemaji walionitangulia wameeleza habari za bei, za mikopo na za uongozi. Mimi nimetakiwa niseme habari ya mlaji asiyehudhuria mkutano wala kutia sahihi katika daftari, naye hata hivyo hula mali ya wanachama usiku na mchana. Mlaji huyo ni kutu. Hesabu chache zitakuwamo katika maneno yangu, nami naomba mzivumilie. Maana sisi ni watu wa ushirika, nasi twajua kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa nini jambo la mafundi liletwe katika mkutano wa wakulima? Tangu mwaka 2007, utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho katika Mkoa wetu wa Mtwara, korosho ya mwanachama hukaa ghalani ikingali mali yake mpaka mnada upite. Basi bati la ghala ni mwamvuli wa mapato ya mwaka mzima. Tena msimu wetu wa mavuno hukutana na mvua za kwanza. Tundu likitokea penye msumari mmoja, maji huteremka katika gunia. Korosho iliyolowa huota ukungu, ikiota ukungu hushuka daraja, na daraja likishuka bei hushuka nalo. Mwanachama aliyepalilia, akanyunyiza dawa na kuokota, hupata hasara kwa sababu ya kitu ambacho hakukichagua yeye, bali tulikichagua sisi viongozi siku tuliponunua mabati.

Kwanza tumjue adui mwenyewe. Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Hutoka kikiwa mawe, aghalabu mekundu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Na mwanadamu hutumia moto mkali kuvitenganisha viwili hivyo. Tangu siku hiyo chuma huwa kama mtu aliyetolewa kwao kwa nguvu: kikipata njia hurudi. Njia hiyo ni maji na hewa vikikutana juu yake. Kutu, basi, si uchafu utokao nje ukakaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kinachogeuka na kurudi kilikotoka. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Katika nchi kavu safari hiyo ya kurudi ni ya pole. Pwani ni ya haraka, kwa kuwa chumvi hufanya mambo mawili. Kwanza, huvuta unyevu wa hewa, hata bati likaonekana kavu kumbe lina utando mwembamba wa maji. Pili, huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa wepesi. Na kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo sana, upitao kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Upepo wa kusi upigapo juu ya Msimbati, Msanga Mkuu na Mikindani huchukua matone madogo ya maji ya bahari na kuyaweka juu ya kila paa. Ndiyo maana wazee wa pwani ya Waswahili walikuwa na busara yao: mtepe, chombo cha zamani, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za kumbi la nazi, pasipo msumari wa chuma. Na paa la makuti, pamoja na udhaifu wake wote, halishiki kutu.

Yafaa pia tutazame mahali bati linapoanza kuoza. Watu hudhani ni juu, penye jua na mvua. Mara nyingi si hivyo. Huanza chini ya upenu, kwa kuwa mvua huosha chumvi iliyo juu ya paa, lakini haifiki chini ya upenu, na huko chumvi hukusanyika mwaka hata mwaka.

Sisi wakulima wa korosho tuna adui wa pili wa bati, naye tunamleta wenyewe. Salfa tunayonyunyiza mikorosho ili kuzuia ubwiriunga ni dawa njema ikiwa mtini. Lakini ikimwagika ghalani na kulowa, hugeuka polepole kuwa asidi, na asidi hiyo hula mabati ya ukuta na miguu ya nguzo za chuma.

Sasa nieleze kinga. Naomba kila mmoja afikirie vitu vitatu anavyovijua tangu utoto: debe la chuma kama lile walilopimia wazee nafaka, baiskeli, na bati la kuezekea. Vyote vitatu ni chuma kilichovishwa metali nyingine. Lakini havikuvishwa kwa namna moja, wala havifi kwa namna moja.

Debe limevishwa bati halisi, ile metali laini ambayo mafundi huitumia katika kulehemu. Hapa lugha yetu imetutega kidogo, maana kile kitu cha kuezekea twakiita bati, walakini hakina bati, kina zinki. Usukani wa baiskeli unaong'aa umevishwa nikeli, na juu ya nikeli utando mwembamba mno wa kromiamu. Na bati la kuezekea, kama nilivyosema, limevishwa zinki.

Chukueni msumari mkwaruze vyote vitatu mpaka chuma kionekane, kisha viacheni nje hapa Mtwara. Debe na usukani vitaota kutu upesi pale penye mkwaruzo, na kutu hiyo itachimba chini ya ngozi. Bati halitafanya hivyo. Mkwaruzo mdogo utabaki salama kwa muda mrefu. Sababu ni kwamba metali zina cheo mbele ya umeme. Bati halisi na nikeli zina cheo cha juu kuliko chuma. Zikikutana na chuma katika maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Zinki ina cheo cha chini kuliko chuma, kwa hiyo zinki ndiyo inayoliwa, na chuma hupona.

Kwa maneno mengine, ngozi ya chuma ni ya aina mbili. Iko ngozi iliyo ukuta, na iko ngozi iliyo fidia. Ukuta hulinda vizuri maadamu haujatoboka. Ukitoboka, adui huingia na kushambulia kwa nguvu zaidi penye tundu. Fidia hulinda hata ikiwa na tundu, lakini hutumika. Kila siku inayopita, zinki kidogo hufa ili chuma kiishi. Na siku zinki inapokwisha, ulinzi umekwisha.

Jambo hili si geni kwa wanasayansi. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma vikiunganishwa na shaba iliyofunika chini ya meli, shaba hailiwi na bahari. Shaba ilipona kweli, ila viumbe wa baharini na majani vikaanza kuota juu yake, kwa kuwa shaba isiyoyeyuka haina sumu ya kuvizuia! Hata hivyo kanuni yenyewe ilikuwa sahihi, na hata leo meli za chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji ili viliwe badala yake. Mabomba ya chuma yanayozikwa ardhini, ya jamii ya lile la gesi kutoka Ghuba ya Mnazi na Madimba mpaka Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, hukingwa kwa mambo mawili pamoja: ngozi iliyo ukuta kwa nje, na umeme mdogo unaoelekezwa kwenye bomba ili chuma kisitoe cha kwake.

Zinki huvishwa chuma kwa njia mbili, na tofauti yake yatuhusu sana tunaponunua. Njia ya kwanza ni kuchovya. Mfaransa Malouin aliieleza mwaka 1742, na mwenzake Stanislas Sorel akapata hati ya kuilinda kama uvumbuzi wake mwaka 1837. Chuma husafishwa kwa asidi, kisha huchovywa katika zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Zinki hushikamana na chuma mpaka vikazaa tabaka la mchanganyiko kati yao, na ngozi huwa nene na ngumu.

Njia ya pili ni kuvisha kwa umeme. Kitu hutundikwa katika maji yaliyoyeyushiwa chumvi za metali, kikaunganishwa na upande hasi wa umeme. Umeme unapopita, metali hutoka majini ikajipanga juu ya kitu hicho. Michael Faraday alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba uzito wa metali inayojipanga hufuata kiasi cha umeme uliopita, na mwaka 1840 jamaa wa Elkington wa Birmingham wakapata hati ya kuvisha fedha na dhahabu kwa njia hiyo. Ngozi hii huwa laini, sawasawa, yenye kung'aa na kupendeza. Lakini umeme ni gharama na muda ni gharama. Kwa hiyo aghalabu huwa nyembamba.

Ndugu wajumbe, sasa tufike kwenye hesabu. Unene wa ngozi hizi hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake ISO 9223, limegawa hewa ya dunia katika madaraja ya ukali. Katika daraja la C3, la ukali wa wastani, zinki hupungua maikroni 0.7 mpaka 2.1 kwa mwaka wa kwanza. Katika daraja la C5, ambamo pwani zenye chumvi nyingi huhesabiwa, hupungua maikroni 4.2 mpaka 8.4. Liko na daraja la juu kupita hayo, liitwalo CX, la mahali pa joto panaporushiwa maji ya bahari: huko hupungua maikroni 8.4 mpaka 25.

Tuchukue bati lenye zinki gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Kila upande una maikroni 19 hivi. Katika hewa ya C3 zinki hiyo yaweza kudumu kati ya miaka 9 na 27. Katika hewa ya C5 yaweza kwisha kati ya miaka 2 na 5. Sasa tuchukue bati la gramu 100 tu: kila upande una maikroni 7. Katika C3 ni miaka 3 mpaka 10. Katika C5 ni mwaka mmoja na kitu, au usifike. Kasi ya miaka ya baadaye huweza kupungua kidogo kuliko ya mwaka wa kwanza, lakini uwiano haubadiliki: zinki mara mbili ni umri mara mbili.

Na misumari je? Parafujo na misumari mingi iliyovishwa zinki kwa umeme ina maikroni 5 mpaka 12. Katika hewa ya C5 ngozi hiyo haifiki miaka mitatu. Kwa hiyo twaweza kununua bati jema tukalifunga kwa msumari dhaifu, na paa likavuja penye msumari hali bati lenyewe lingali zima.

Kutoka hesabu hizi nataka mchukue neno moja tu: anayenunua bati ananunua zinki. Chuma kilicho ndani ni cha kubeba uzito. Umri umo katika ngozi. Nasi tunaponunua tunauliza nini? Tunauliza geji. Geji 28, geji 30, geji 32. Geji ni unene wa bati zima, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Lakini geji haisemi zinki ni kiasi gani. Mabati mawili ya geji moja, yenye kung'aa sawasawa siku ya kununuliwa, huweza kuwa moja lina umri mara tatu ya mwenzake. Jicho haliwezi kuyatofautisha. Mizani yaweza.

Mizani yenyewe si ya ajabu. Katika maabara ya shule ya sekondari, mwalimu wa kemia aweza kukata kipande cha sentimita 10 kwa 10, akakipima, akakitia katika asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa mpaka mapovu makali yakome, akakiosha, akakikausha na kukipima tena. Kilichopungua ni zinki. Ikiwa ni gramu 2.75, bati hilo ni la gramu 275 kwa mita ya mraba. Ikiwa ni gramu 1, ni la gramu 100. Kazi hii ifanywe na mjuzi, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa kuwa gesi inayotoka huwaka.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni la haki: bati lenye zinki nyingi lina bei zaidi, na fedha ni za wanachama. Lakini tutazame gharama ya paa zima. Mbao ni zile zile, fundi ni yule yule, gari la kubeba ni lile lile, na chuma cha ndani ni kile kile. Kinachoongezeka ni zinki peke yake. Tukiongeza zinki maradufu, umri huongezeka maradufu, lakini gharama ya paa haiongezeki maradufu. Anayeezeka mara mbili hulipa kila kitu mara mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba tupake rangi. Rangi ni ukuta, na ukuta juu ya fidia ni kinga bora kuliko kila kimoja peke yake. Ila ipakwe zinki ingali hai, juu ya bati lililooshwa chumvi. Rangi iliyopakwa juu ya kutu yenye chumvi ni shuka juu ya kidonda.

La tatu, wako vijana wetu hodari wanaouliza mbona tusifungue karakana ya kuvisha metali kwa umeme hapa hapa. Nia yao naisifu. Lakini maji ya kazi hiyo huwa na asidi, na mengine sumu kali, kama sianidi na baadhi ya chumvi za kromiamu. Nasi tunaishi ukingoni mwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo mikoko yake ni malezi ya samaki na riziki ya ndugu zetu wavuvi. Karakana isiyo na njia ya kusafisha maji yake haitufai. Nchi yetu ina viwanda vya mabati. ALAF ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1960. Haja yetu ni kujua la kudai tunapoagiza.

Basi napendekeza mambo matano, nanyi mtayapima.

Kwanza, Chama Kikuu kiagize mabati ya vyama vyote vya msingi kwa pamoja, na katika hati ya manunuzi iandikwe gramu za zinki kwa mita ya mraba, pamoja na geji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mabati ya zinki, EAS 11, na Shirika la Viwango Tanzania lipo kwa kazi hiyo. Mkulima mmoja akiuliza gramu dukani, huenda akachekwa. Wakulima maelfu wakiuliza kwa kinywa kimoja, watajibiwa. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

Pili, tusinunue aina moja kwa mahali pote. Chumvi ya hewani hupungua upesi kadiri mtu anavyoiacha bahari. Ghala la Newala au la Masasi haliko katika hewa ya ghala la Msimbati. Kwa maghala ya ufukweni tutazame mabati ya mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6, uliotolewa sokoni na Bethlehem Steel ya Marekani mwaka 1972. Aghalabu hudumu zaidi karibu na bahari. Ila mchanganyiko huo hauvumilii saruji mbichi, basi waashi waonywe.

Tatu, misumari na parafujo ziwe za kuchovywa, zenye ngozi nene. Na nguzo za chuma zichovywe baada ya kukatwa na kutobolewa. Chuma kinene kilichochovywa kwa kiwango cha ISO 1461 huwa na maikroni 85 kwa wastani.

Nne, mabati mapya yasipangwe yakiwa na maji. Yakilowa hali yamebanana, huota kutu nyeupe, yaani zinki inakufa kabla ya kufanya kazi. Yasimamishwe kwa mshazari, hewa ipite.

Tano, kila mwezi Septemba, kabla ya korosho kuingia, chama cha msingi kikague paa lake: upenu uoshwe kwa maji matamu, misumari iliyooza ibadilishwe, salfa iliyomwagika ifagiliwe na iwekwe mbali na kuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu Mwenyekiti, katika miaka kumi hii wanachama wamejifunza kusoma stakabadhi na kuuliza kilo zao. Naomba katika miaka kumi ijayo tujifunze pia kuuliza gramu za zinki zilizo juu ya vichwa vya magunia yetu. Ni gramu chache, lakini ndizo zinazosimama kati ya mvua na jasho la mkulima.